Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Lakini Cheti Kiko Wapi?



Katika vikundi vya maendeleo tunavyovitembelea kuna swali ambalo halikosi kuulizwa pindi maongezi yanapofika kwenye ardhi, kuni au nafasi za watoto shuleni. Swali lenyewe ni hili: hawa wageni wanatulisha au wanatula? Wanaouliza si watu wabaya. Wengi ni akina mama wanaokwenda mbali kutafuta kuni kuliko walivyokwenda zamani, au vijana wasio na shamba. Kwa hiyo tumeona vyema katika toleo hili tulieleze jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa kutumia mifano ya hapa hapa kwetu mkoani Tabora.

Tunaomba tuseme mapema tunakokwenda. Mgeni anayefanya kazi huongeza pato la mahali alipo, na hilo tumeliona kwa macho. Lakini pato hilo halikui kama hajui kesho atakuwa wapi, na wa kumwambia ni wanasiasa. Wakivutana na jambo likakwama, hasara haiishii kwa mgeni. Inamfikia mwenyeji, ingawa mara nyingi hajui imetoka wapi.

Mji uliojengwa na wapita njia

Tuanzie hapa Mtendeni. Jina lenyewe linatokana na mtende, na mtende si mti wa miombo yetu. Ulikuja na watu. Miembe mingi mnayoiona ikitoa kivuli mjini Tabora na kule Kwihara nayo ni kumbukumbu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Waarabu kutoka Oman na Zanzibar, Waswahili wa pwani na Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wote walijenga hapa. Nao Wanyamwezi, ambao leo tunawaita wenyeji, ndio waliokuwa wasafiri wakubwa kuliko wote, kwa maana wapagazi wa njia ile wengi walikuwa wao. Walibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Kwa hiyo mtu wa Tabora anapomshangaa mgeni, amkumbuke babu yake aliyelala ugenini miezi kadhaa kila mwaka ili arudi na mali.

Hatutaki kuipamba njia ile. Wapo waliofika hapa wakiwa wamefungwa minyororo, wakauzwa, na vizazi vyao vimo miongoni mwetu. Biashara ya utumwa haikuwa uhamiaji, ilikuwa wizi wa watu, na yeyote anayeeleza utajiri wa misafara bila kuitaja anadanganya.

Watemi walijua hesabu ya mambo haya. Kila msafara uliopita ulilipa hongo, maana yake ushuru wa kupita, kwa nguo na shanga. Wapagazi walihitaji chakula, hivyo vijiji vya kandokando ya njia vililima zaidi ya mahitaji yao na kuuza mtama, mahindi na viazi. Njia ikiwa wazi, hata mtu ambaye hajawahi kuiona pembe ya ndovu alipata chochote.

Sasa tazameni kilichotokea njia ilipofungwa. Mwaka 1871 ugomvi kati ya Mtemi Mirambo wa Urambo na Waarabu wa Unyanyembe uligeuka vita. Mzizi wa ugomvi ulikuwa biashara: nani atoze, nani apite, nani amlinde mkimbizi wa nani. Mwezi Agosti mwaka huo Waarabu walikwenda kuishambulia Ulyankulu, wakaiteka, kisha wakanaswa na watu wa Mirambo wakiwa njiani kurudi na mateka yao. Siku chache baadaye Mirambo alifika Tabora kwenyewe na sehemu ya mji ikachomwa moto. Barabara ya Ujiji ikafungwa. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Dk. Livingstone, alilazimika kuzunguka mbali kusini ili afike Ujiji, huku mizigo ya Livingstone imelala Unyanyembe na mwenyewe yuko Ujiji hana kitu. Vita na mivutano iliendelea kwa miaka kadhaa. Kila upande ulikuwa na hoja zake. Lakini mwanamke aliyekuwa akiuza mtama kwa wapagazi hakuwa wa upande wowote, naye ndiye aliyekosa wanunuzi.

Tumeitaja Ulyankulu. Miaka 100 baadaye jina hilo lilirudi tena katika habari za wageni, na hapo ndipo kiini cha makala haya.

Ulyankulu: msitu uliogeuka ghala

Mwaka 1972 mauaji makubwa nchini Burundi yaliwafanya watu wengi sana wakimbilie Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuwaweka kambini wasubiri mgao wa chakula milele. Iliwatengea maeneo yaliyokuwa msitu, wengi wao wakapelekwa Ulyankulu, kaskazini-magharibi mwa mji wa Tabora (leo ni wilaya ya Kaliua), na Katumba karibu na Mpanda. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, likafunguliwa eneo la tatu la Mishamo. Katumba na Mishamo leo zimo katika mkoa wa Katavi.

Kanisa lilikuwamo katika kazi hiyo tangu mwanzo. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, lilifanya kazi kwa mkataba wa pande tatu pamoja na Serikali na UNHCR: kupasua barabara, kuchimba visima, kujenga shule na zahanati, kugawa mbegu na majembe. Kila kaya ilipewa shamba la hekta chache na kuambiwa lima. Vijiji vikapewa majina ya barabara zilizopimwa, ndiyo maana hadi leo mtu wa Ulyankulu akiulizwa kwao atasema Barabara ya 9 au Barabara ya 13. Wengine mliifahamu Barabara ya 13 kwa kwaya yake tu, bila kujua kwamba jina lile lilitoka katika ramani ya makazi ya wakimbizi.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Ulyankulu ilijazwa watu kuliko maji na udongo wake ulivyoweza kuhimili, na ilibidi maelfu wahamishwe kwenda Mishamo kuanza upya. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema mgeni ni faida tu, mlete popote. Hapana. Ardhi ina kipimo chake, na aliyepanga bila kupima maji alisababisha watu walewale wakimbie mara ya pili.

Hata hivyo, katika muda wa miaka michache makazi haya yaliacha kutegemea chakula cha msaada, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 yote matatu yalikuwa yamekabidhiwa Serikali. Mahindi, maharage, mihogo na karanga zikaanza kutoka badala ya kuingia. Tumbaku ikafuata. Watu ambao kisheria walikuwa bado wakimbizi walikuwa wakilipa kodi na ushuru kama jirani zao.

Faida hupita wapi?

Hapa tunaomba msomaji awe na subira, kwa sababu ndipo penye kutoelewana. Wengi wetu tunafikiri kazi na fedha za eneo ni kama chungu kimoja cha ugali: akiongezeka mtu mezani, kila mmoja hupata tonge dogo zaidi. Kwa ardhi na kuni fikra hiyo ina ukweli. Kwa biashara na kazi haina, kwa sababu mgeni haji na mdomo tu, anakuja na mikono pia, na mikono yake hutengeneza kazi ya mwenzake.

Chukueni mkulima mmoja wa tumbaku. Anahitaji mbolea, kwa hiyo kuna mtu wa ghala na kuna lori. Anahitaji vibarua wakati wa kuvuna na kukausha. Tumbaku inauzwa kupitia chama cha msingi, chenye katibu na mlinzi wanaolipwa. Akishapata malipo ananunua bati, baiskeli, kitenge na sare za shule, na duka analonunulia pengine ni la Mnyamwezi, Mha au Mwarabu wa hapa mjini. Halafu upo ushuru wa mazao unaolipwa na mnunuzi kwa halmashauri. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2017 ulikuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula. Kabla ya hapo ulifika asilimia 5. Kwa hesabu ya mfano tu, tumbaku ya shilingi 4,000,000 inaiachia halmashauri shilingi 120,000. Zidisheni kwa wakulima 1,000 mpate shilingi 120,000,000. Fedha hiyo haiulizi aliyelima alizaliwa wapi, na dawati linalonunuliwa kwa fedha hiyo linakaliwa na mtoto wa mwenyeji.

Upande wa hasara nao upo, na tungekuwa hatutendi haki kama tungeunyamazia. Tumbaku hukaushwa kwa kuni, na miombo yetu imeliwa. Hilo si kosa la Warundi peke yao, maana tumbaku ililimwa Urambo na Tabora kabla hawajafika, lakini watu zaidi ni mabani zaidi. Zahanati iliyojengwa kwa watu wachache ikipokea wengi, mwenyeji ndiye anayepanga foleni. Ushuru unakwenda halmashauri, foleni inabaki kijijini. Hii ndiyo sababu tunawaheshimu wanaolalamika: mara nyingi faida imekwenda mahali pengine na wao wameachiwa gharama. Dawa yake ni kurudisha sehemu ya ushuru kwenye kata iliyobeba mzigo. Kumfukuza aliyelipa ushuru hakuleti dawati wala dawa.

Vyeti vilivyosubiri miaka minne

Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania, ile ya Burundi na UNHCR zilikubaliana kumaliza suala la wakimbizi wa 1972. Katika makazi matatu walihesabiwa watu wapatao 218,000. Kila mtu aliulizwa: unarudi Burundi au unaomba uraia wa Tanzania? Takriban wanne kati ya watano walichagua kubaki, jambo lisiloshangaza, maana wengi walizaliwa hapa na Kiswahili ndiyo lugha waliyosomea. Waliobaki, zaidi ya 50,000, walirudishwa kwao. Kufikia mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa. Katika historia ya wakimbizi ulimwenguni si rahisi kupata nchi iliyofanya jambo kubwa kama hilo kwa mara moja. Sisi wenyewe tulikuwa tumelifanya kwa udogo mwaka 1980, kwa Wanyarwanda wapatao 36,000.

Lakini kulikuwa na sharti. Makazi yafungwe, na raia wapya watawanywe katika mikoa mingine mingi nchini. Hati ya uraia mtu angekabidhiwa akishahama. Wazo lilikuwa kwamba wakitawanyika watachanganyika na Watanzania wengine. Kwenye karatasi lilionekana zuri.

Hapo ndipo mkwamo ulipoanza. Viongozi wa maeneo ya kupokea walianza kuuliza: ardhi ipo wapi? Fedha za kujenga madarasa zitatoka kwa nani? Mbona hatukushirikishwa? Maswali haya yalikuwa ya haki. Chini yake kulikuwa na jingine ambalo mtu halisemi hadharani: hawa watampigia nani kura? Mwanasiasa yeyote, wa chama chochote, akisikia jimbo lake litapokea maelfu ya wapiga kura wapya, huanza kuhesabu kura kabla ya kuhesabu visima. Anayedhani watamwunga mkono atawapokea kwa ngoma, na anayeogopa atagundua ghafla kwamba ana wasiwasi na usalama wa taifa. Hatusemi usalama si jambo la kweli. Tunasema tu kwamba wasiwasi huo una tabia ya kupanda na kushuka kwa kufuata kalenda ya uchaguzi.

Mwezi Agosti 2011 zoezi la kuhamisha lilisitishwa. Matokeo yake ni kwamba watu waliokuwa wameukana uraia wa Burundi hawakuwa na hati ya Tanzania mkononi. Hawakuwa tena wakimbizi, na hawakuweza kuthibitisha kwamba ni raia.

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba hilo ni tatizo la karatasi tu. Fikirini kiuchumi. Mtu aliyeambiwa kwamba atahama, lakini hajui lini wala wapi, haezeki bati. Hapandi miembe wala michikichi, anapanda kitu cha miezi mitatu. Hachimbi kisima, hatengenezi matuta ya kuzuia mmomonyoko, kwa sababu hayo ni ya miaka ijayo. Hana hati ya kuonyesha akiomba mkopo. Halmashauri nayo inasita kujenga darasa katika eneo ambalo rasmi linakaribia kufungwa. Mfadhili anasubiri tamko. Fundi bati, muuza saruji na mwenye lori wanashangaa biashara imelala, na hakuna aliyewaambia kwamba sababu ni faili lililokaa juu ya meza. Hasara ya namna hii haina tarehe, na hakuna gazeti litakaloandika kwamba leo nyumba kadhaa hazikujengwa.

Sisi tunaofanya kazi za miradi tunaijua hali hii. Kikundi cha kuweka na kukopa hujengwa juu ya imani kwamba mwenzako utamwona mwakani. Ukiondoa imani hiyo, hata semina 10 hazisaidii.

Hatimaye Serikali iliamua kwamba raia wapya hawatalazimishwa kuhama, na Oktoba 2014, wakati wa Rais Jakaya Kikwete, vyeti vikaanza kukabidhiwa. Mwaka uliofuata Ulyankulu ikawa jimbo la uchaguzi. Raia wapya walikuwa na kitu ambacho mwanasiasa anakielewa vizuri kuliko hoja zote za kiuchumi, nacho ni kura.

Oktoba ileile

Mwezi huohuo wa Oktoba 2014 ulikuwa na jambo lingine. Bunge Maalumu la Katiba lilipitisha Katiba Inayopendekezwa mjini Dodoma, lakini likiwa na upande mmoja zaidi. Wajumbe wa UKAWA walikuwa wametoka nje tangu mwezi Aprili, wakigombea muundo wa Muungano na rasimu ya Tume ya Jaji Warioba. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa na haikufanyika. Ndani ya kazi hiyo yote kulikuwa na mambo ambayo hayakuhusu ugomvi wa serikali mbili au tatu. Moja lilikuwa hadhi ya Watanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, ndugu zetu wanaotuma fedha za ada na za kujengea. Wao hawakuwa na haja na serikali tatu wala mbili, ila shauri lao lilikuwa limefungwa katika mzigo mmoja na ugomvi ule. Mzigo ulipoanguka, nalo likaanguka.

Hivi ndivyo mkwamo wa vyama unavyofanya kazi. Watu hawashindwi kwa sababu wanapingana katika kila kitu. Hushindwa kwa sababu jambo wanalokubaliana limefungwa kamba moja na wasilokubaliana, na hakuna anayetaka mwenzake apewe sifa ya kulikamilisha.

Wakubwa nao wamekwama

Wako wanaosema haya ni matatizo ya nchi changa. Waangalie Marekani, ambako wengi wenu mna marafiki katika sharika zenye uhusiano na zetu. Juni 2013 Seneti yao ilipitisha muswada mkubwa wa uhamiaji kwa kura 68 dhidi ya 32, wenye maseneta wa vyama vyote viwili. Ofisi ya bajeti ya bunge lao, isiyo ya chama chochote, ilikadiria kwamba muswada huo ungepunguza nakisi ya serikali kwa zaidi ya dola bilioni 100 katika miaka 10 ya kwanza, kwa sababu wageni wenye vibali hufanya kazi waziwazi na kulipa kodi. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura hata siku moja. Ukafa. Februari 2024 maseneta wa pande zote mbili waliandika muswada mwingine kuhusu mpaka, nao ukazuiwa katika siku chache, kwenye mwaka wa uchaguzi. Wakati huo wote watu wanaochuma matunda na kufanya kazi machinjioni wamebaki bila karatasi, waajiri wanawahitaji, na wenyeji wenye malalamiko ya kweli kuhusu mpaka nao hawajajibiwa.

Kwetu haijawa tofauti sana. Baada ya machafuko ya Burundi ya 2015 wakimbizi wengine walipokewa kambini mkoani Kigoma: Nyarugusu, Nduta na Mtendeli (msiichanganye na Mtendeni yetu). Mwanzoni mwa 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa uliokusudia kuwashirikisha wakimbizi katika uchumi wa maeneo yanayowapokea, na baadaye masoko ya pamoja ya kambini yakafungwa. Serikali ilikuwa na sababu zake, ikiwamo kwamba wafadhili waliahidi mengi na kutoa machache, na hapo tunaielewa. Ila katika soko la pamoja Mha wa Kibondo au Kasulu alileta ndizi na mafuta ya mawese, akarudi na fedha. Soko likifungwa, ndizi zake zinaiva nyumbani.

Yanayoweza kufanyika katika kata

Tunaulizwa, sasa mtu wa kawaida afanye nini, maana Bunge haliko Mtendeni. Tunayo machache.

Kwa walio na vyeti vya uraia vya 2014: vitunzeni mahali pakavu na mfanye nakala. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa uraia mtoto anayezaliwa Tanzania ikiwa mzazi mmoja ni raia, lakini mtoto huyo atahitaji kuonyesha cheti cha kuzaliwa, na bila cheti mjadala utaanza upya kwenye kila ofisi atakayofika. Msajilini mapema. Msisubiri afike darasa la saba.

Kwa wenyeji wenye malalamiko ya ardhi na huduma: nendeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji mkiwa na hesabu. Ulizeni ushuru wa mazao uliokusanywa katika kata yenu ni kiasi gani na kilichorudi ni kipi. Swali hilo lina jibu, na jibu lake hubandikwa au linapaswa kubandikwa ukutani. Swali la "wageni wataondoka lini" halijawahi kuchimba kisima. Pia dai la kupima ardhi na kuandaa mpango wa matumizi yake ni lenu nyote, wa zamani na wapya, na mkilipeleka pamoja ni vigumu mtu kuligeuza la chama.

Kwa viongozi wa sharika na wenyeviti wa vikundi: wakati wa kampeni wagombea wote hupita. Tunashauri muwaite pamoja, si mmoja mmoja, na kuwauliza mambo manne au matano mbele ya watu: maji, mpango wa ardhi, kuni na upandaji miti, madawati, na usajili wa vizazi. Mwandike majibu kwenye daftari la kikundi pamoja na tarehe. Mahali ambapo hili limefanyika, tumeona wagombea wawili waliokuwa wakirushiana maneno barabarani wakiahidi kisima kilekile, na katibu wa kikundi, mama aliyezaliwa Barabara ya 9, akiwauliza kwa upole ni yupi atakayeleta bomba na ni yupi atakayeleta saruji.